Tatu na Watatu

Ghorofa ya nne, Pireo, feni inakoroga joto la Julai,
na Polixeni anaipaka nchi rangi.
Si kwa brashi. Kwa jedwali la sensa,
safu kwa safu, hadi kila tarafa ivae yake:
palipojaa, wekundu wa pilipili iliyokaushwa;
palipopungua, waridi iliyofuliwa mara nyingi;
palipohamwa, weupe wa maziwa yaliyotiwa maji.

Asubuhi nzima nchi inamtii.
Takwimu zimetoka ofisi moja,
mipaka imetoka ofisi nyingine,
milango yote wazi, chukua bure,
na kila kitu kimepewa anwani ili vitambuane gizani.
Kazi yake ni ushenga tu:
wewe namba, mpaka wako huyu hapa,
shikaneni mikono, twende kwa wengine.

Ila kule juu, milimani, pana tundu.
Umbo dogo, jani la mtini lililong'atwa na mdudu,
halina rangi. Hata weupe halina.
Anabofya. Mashine inajibu: hakuna.

Polixeni anacheka kwa pua.
Hakuna?
Baba yake alizaliwa hapo hakuna,
akavunjika mkono kwa kuanguka mlozi wa hakuna,
na jibini ya hakuna iko kwenye friji yake sasa hivi,
imefungwa kitambaa, inanuka mbuzi.

Kosa ni la majina.
Sensa inakiita Petrolofo,
jina la serikali, lililoshuka kwa amri pamoja na muhuri.
Ramani ya mipaka, iliyonakiliwa kwa mpima ardhi
mwenye mwandiko wa kuku,
inakiita Zelovista,
jina ambalo nyumbani kwao lilitamkwa
mtu akiwa na hasira, au akiwa na homa.
Namba inabisha hodi Petrolofo,
mpaka umelala Zelovista,
na kila mmoja anadhani mwenzake alishazikwa.

Anaandika sentensi ya maneno matatu:
hiki ndicho kile.
Mashine haihitaji zaidi.
Baba yake alitembea miaka sabini kati ya majina hayo mawili,
na hakuna aliyemwandikia hilo la katikati.

Anabonyeza. Anasubiri weupe.

Ikaja kijivu, yenye mistari ya mshazari,
na pembeni maelezo kwa herufi za sisimizi:
idadi imefichwa kulinda faragha ya wakazi.
Wakiwa chini ya watano, ramani hainong'oni ni wangapi.
Kanuni hiyo aliiandika yeye mwenyewe,
ukurasa wa kumi na moja,
akazionea fahari hata koma zake.

Akampigia shangazi Garifalia.
"Tumekuweka kwenye ramani, shangazi. Ila tumekuficha."
"Mmenificha asinione nani?"
"Watu wabaya."
"Huku hata wabaya wamehamia Athene.
Na Stelios mmemficha? Na mkewe, yule asiyesikia?"
"Wote."
"Basi jedwali lako linasemaje?"
"Linasema tatu."
"Watatu," shangazi akamsahihisha.
"Mbwa usimhesabu, atapata kiburi."

Tatu, kama chupa. Tatu, kama nyundo ukutani.
Kisha kinywa kinaongeza silabi moja, wa,
na mara pana anayekaanga kitunguu,
pana anayekohoa,
pana anayelala na redio ikiongea peke yake
kwa kuwa mwenzake haisikii na haimsumbui.

Saa kumi mkuu wa idara akapita na kahawa yake,
akakwaruza kioo kwa ukucha:
"Hapa pana uchafu."
"Si uchafu," akasema Polixeni,
simu bado sikioni.

"Nani huyo? Anasemaje?" akauliza shangazi.
"Anauliza rangi yenu."
"Kwani mmetupa rangi gani?"
"Kijivu."
Kimya. Kule mlimani mlango ukalia bawaba,
mbwa akabweka mara moja, akaacha.
"Kama punda wa baba yako," akasema Garifalia.
"Iacheni. Inatufaa."